Mahali Ambapo Hatugongi

Nilistaafu mwezi uliopita. Kabla sijarudisha sare, Neema, ambaye sasa ndiye anayeongoza matembezi ya msituni, aliniomba niandike jambo moja. Anataka awe na jibu la kuwapa waajiriwa wapya wanaomuuliza kwa nini katika njia yetu kuna mahali tunasimama kwenye uwazi wenye majani tu, hatusemi kitu, hatugongi, kisha tunaendelea. Mimi kwa miaka yote niliwajibu, "Ni utaratibu." Lilikuwa jibu la kweli na lilinipunguzia maneno. Lakini tangu aniombe nimekuwa nikilala nalo na kuamka nalo, nikijiuliza nianzie wapi, na kama kuna mtu atakayeumia, na kama hao wa kuumia bado wapo. Nimeona nianze na siku yangu ya kwanza, maana hiyo angalau naikumbuka kwa mpangilio.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilichelewa.

Nilimaliza chuo kikuu katikati ya miaka ya tisini nikiwa na shahada ya mambo ya mimea. Ilikuwa miaka ambayo serikali ilikuwa inajiondoa kwenye biashara, viwanda vya umma vinauzwa au vinafungwa, na kila ofisi ina hadithi ya watu waliopunguzwa. Mwanza yote ilikuwa sangara. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota ufukweni, na wenzangu niliosoma nao walikimbilia huko hata kwa kazi ya kusimamia barafu. Mimi nilipangiwa Lwamiti, msitu wa hifadhi ulioko kisiwani, mwendo wa asubuhi nzima kwa boti ya injini kutoka mjini. Kazi yangu ilikuwa kusaidia kutembeza wageni.

Mama yangu alikuwa anauza dagaa sokoni Mkuyuni. Nilipomweleza, aliendelea kupepeta dagaa wake.

"Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ukatembeze watu," alisema. "Hao watu hawana miguu?"

"Wanayo, mama. Nitakuwa nawaeleza miti."

"Miti ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi uwe unakula, Kabula. Vitu vya serikali siku hizi vinauzwa."

Niliyabeba maneno hayo safari nzima ya boti. Nilibeba pia daftari la majina ya kitaalamu ya miti niliyoyakariri upya, viatu vya ngozi ambavyo viliharibika kabla ya chakula cha mchana, na wasiwasi kwamba nitakapofungua mdomo mbele ya mgeni wa kwanza nitasahau hata jina langu. Mkuu wa hifadhi, Bwana Kaijage, alinipokea gatini. Alikuwa mtu nadhifu, shati lake limepigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo inaonekana kwa mbali. Alinionyesha chumba changu, choo, na ofisi yenye bati lililokuwa linavuja juu ya meza yake. Kisha akaniambia nitafanya kazi chini ya Mzee Magesa.

Mzee Magesa alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya ofisi, fimbo ameilaza magotini. Alizaliwa kisiwani hapohapo kabla msitu haujawa hifadhi. Watu wote walipohamishwa, yeye alibaki kwa sababu aliajiriwa. Wafanyakazi tu ndio walioruhusiwa kulala Lwamiti, na sheria hiyo ilifuatwa hata pale nyingine zote zilipokuwa zimelala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye digrii tuliyoahidiwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Inaelea majini?"

Sikujua kama natakiwa kucheka. Nikasema sijawahi kujaribu. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la kutosha, akasema kesho nitakuwa mkia. Muda wote huo hakunitazama usoni. Alikuwa anaangalia kando ya sikio langu, na mimi nikaenda kulala nikiwa na hakika kwamba ameshanidharau.

Nieleze mkia ni nini, ingawa ninyi mnajua, maana huenda maandishi haya yakasomwa na mtu mwingine. Msitu wetu ni mnene. Njia inapinda kila baada ya hatua chache, na mtu wa mbele hawezi kumwona wa nyuma. Kwa hiyo matembezi yana waongozaji wawili. Kichwa hutangulia na kuzungumza. Mkia hutembea nyuma ya mgeni wa mwisho na hasemi kitu. Njiani kuna miti mikubwa ambayo mizizi yake imeinuka juu ya ardhi kama kuta, na kuta hizo zikipigwa kwa fimbo zinalia kama ngoma. Kila kichwa anapofika kwenye mti wa namna hiyo anagonga mara moja, wageni wanasimama, anawaeleza wanachokiona. Akimaliza wanasonga mbele, na mkia anapopita mti uleule na mgeni wa mwisho, naye anagonga. Hapo kichwa anajua kwamba watu wake wote wamepita na hakuna aliyemezwa na msitu. Asiposikia jibu, haendelei.

Nilikuwa mkia kwa zaidi ya mwaka. Mkia hujifunza watu kwa visigino. Nilijifunza kwamba anayepotea si mzee wala mtoto, bali mwanamume mwenye kofia mpya anayetaka kuona kitu ambacho wengine hawakuonyeshwa. Nilijifunza kwamba mtu akikanyaga siafu usimwambie asiogope, mwambie avue suruali, halafu geuka. Nilijifunza pia kwamba wanafunzi wanaoimba njia nzima ndio wanaokumbuka miti baadaye, na wale wanaoandika kila kitu ndio wanaoniuliza gatini ule mti wa kwanza unaitwaje. Mimi nilikuwa wa kundi la pili maisha yangu yote, kwa hiyo sikuwacheka.

Nilijifunza pia kumsikiliza Mzee Magesa. Alikuwa na sauti ya chini, na wageni walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Hakusema mambo mengi. Aliwaambia wavute harufu kwanza, halafu wasikilize hondohondo wanavyopiga mabawa juu ya majani, halafu ndipo watazame. Wageni walidhani ni mbinu ya kuwafundisha utulivu. Nami nilidhani hivyo. Wote tulivaa mabuti ya mpira kwa sababu ya nyoka na tope, yeye alivaa katambuga za tairi zilizokwisha hadi nyayo zinagusa ardhi. Nilidhani ni ubahili.

Asubuhi moja kabla ya kundi la mapadri kuingia, nilipita njia ya mkato kwenda kuangalia kama siafu wa jana yake wamehama. Nilisimama katikati ya njia nikiwaangalia wakivuka. Mzee Magesa alikuja kutoka upande wa ofisi, peke yake, akitembea kwa mwendo wake wa siku zote. Nilimwona kwa mbali nikangoja akaribie nimwamkie. Alikuja moja kwa moja akagongana nami.

"Nani?" alisema.

"Kabula, mzee."

"Mbona umesimama kama mti usio na jina?"

Nilitaka kucheka lakini nilimwona uso. Alikuwa ameogopa. Ndipo mambo yote niliyokuwa nimeyawaza kwa miezi, kwamba ananidharau, kwamba hapendi wanawake kazini, kwamba hapendi wasomi, yalianguka kwa pamoja, na lililobaki lilikuwa baya kuliko yote hayo.

"Mzee, huoni?"

"Naona kidogo. Kama mtu anayechungulia kwenye bomba." Alinyoosha mkono akagusa jani, akaliacha. "Ni presha ya macho. Nilikwenda hospitali Mwanza. Daktari alisema kilichokwisha hakirudi, na kilichobaki kitakwisha."

"Bwana Kaijage anajua?"

"Wewe unajua."

Siafu walikuwa wanavuka kando ya miguu yetu. Nilimweleza, akarudi nyuma. Kisha alinieleza kwa nini hakusema. Binti yake alikuwa ameolewa Igoma, mumewe ana karakana ya kuchomelea vyuma kando ya barabara ya Musoma, na walikuwa tayari kumpokea wakati wowote. Walikuwa watu wema. Tatizo halikuwa wao.

"Hapa natembea mwenyewe," alisema. "Najua njia kwa nyayo, na kila mti una sauti yake ukiugonga. Ule wa kwanza unalia kwa kina, wa pili kama debe, mvule unalia polepole halafu unakaa. Nikiusikia najua nilipo. Nikienda Igoma nitashikwa mkono hadi chooni. Siku nitakayotolewa kazini ndiyo siku nitakayokuwa kipofu, mwanangu. Kabla ya hapo ni mzee tu."

Hakuniomba nifiche. Alisema tu kwamba nijibu kwa kugonga vizuri, maana mara nyingine nagonga kama ninayeomba radhi. Tangu siku hiyo niligonga kwa nguvu. Lakini sikuwa na amani tena. Kila nilipokuwa nyuma nilikuwa nahesabu kila tawi lililoanguka, kila mzizi ulioinuka. Niliwahi njiani kila asubuhi kuondoa chochote kigeni. Nilijiuliza kama ninamlinda yeye au ninawahatarisha wageni, na sikuwahi kupata jibu linalonitosheleza. Kwa kweli hakuwahi kumpoteza mgeni hata mmoja. Nalisema hilo kwa sababu baadaye lilisemwa lingine.

Msitu wenyewe ulikuwa umeanza kuchokozwa. Viwanda vilichukua minofu, na mifupa na vichwa vya sangara, yale mapanki, viliuzwa kwa watu wa kawaida. Kambi za kuyakaanga na kuyabanika zilijaa kwenye fukwe, na kila kambi ilitaka kuni. Wenye mitumbwi mipya walitaka mbao za mvule. Wapasua mbao walikuja kwa boti kutoka bara, wakatua upande wa nyuma wa kisiwa. Wakati huohuo askari wa msitu ndio waliokuwa wa kwanza kupunguzwa. Waliobaki walikuwa wachache, nao walizunguka kila siku wakipiga filimbi ili wapasua mbao wajue kuna mtu. Ilisaidia. Mwizi wa mti anahitaji muda mrefu kuliko mwizi wa kuku.

Kisha Bwana Kaijage alituita ofisini, sote, tukasimama tukikwepa pale panapovuja. Alisema wageni wakubwa wanakuja kutoka wizarani, pamoja na mwekezaji mmoja wa mjini. Watatembezwa msituni. Baada ya hapo wataamua kama matembezi yabaki mikononi mwa serikali au apewe mtu binafsi, na katika sisi nani abaki.

"Mzee Magesa ataongoza," alisema. "Hakuna anayeijua njia kama yeye."

Nilimtazama mzee. Alikuwa anatazama bati.

Jioni nilimfuata nikamwambia niongoze mimi, tuseme anaumwa. Alinikatalia.

"Wakija kuamua nani abaki, na mimi nimelala kitandani, wataamua nini?"

"Na wakigundua?"

"Wataona mzee anayegonga miti. Wewe nijibu tu."

Kilichofuata ndicho ninachotaka ninyi vijana mkisome polepole. Bwana Kaijage hakuwa mtu mbaya wala mvivu. Alifanya kile ambacho kila mkuu wa ofisi nchini hufanya anapoambiwa mkubwa anakuja. Aliagiza chokaa. Kuanzia siku hiyo, kwa zaidi ya wiki, matembezi yalisimamishwa, na sisi sote tulifyeka nyasi kutoka gatini hadi ofisini, tukapanga mawe pande zote mbili za njia, tukayapaka chokaa. Mawe yalipokwisha tukapaka mashina ya michungwa. Mimi nilitumwa Mwanza kununua soda, vitambaa vya meza na viti vya kukodi. Askari wa msitu nao waliitwa wote. Nakumbuka mmoja wao alisimama na ndoo ya chokaa akauliza nani yuko upande wa nyuma. Bwana Kaijage alimwambia, "Wageni hawatapita upande wa nyuma."

Mzee Magesa alipaka mawe aliyopewa kwa kupapasa, maana hata kile kidogo alichokuwa anaona kilikuwa kimekwisha. Yalitoka meupe kuliko ya wengine, maana aliyazungusha mkononi kila upande.

"Msitu haupakwi chokaa," aliniambia.

"Ni siku chache tu, mzee."

Nilitamani kupita njia nzima siku moja kabla ya wageni. Nilirudi kutoka mjini jioni, boti imechelewa, viti vimelowa, na Bwana Kaijage akanikabidhi tambara nivifute. Mvua ilikuwa imenyesha siku zote hizo, mvua yenye radi, kama inavyokuwa ziwani majira yale.

Wageni walikuja na boti ya haraka. Mkubwa wao alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyemwita kila mtu ndugu. Alikuwepo mama mmoja mtulivu aliyeandika, na mwekezaji mwenye kofia mpya. Waliyasifu mawe. Mzee Magesa aliwapokea kwenye mlango wa msitu, akawaambia wavute harufu kwanza. Walivuta. Nilikuwa nyuma nikiona visigino vyao, viatu vya mjini.

Alipogonga mti wa kwanza, sauti ilienda mbali. Mkubwa alisema, "Aisee." Tulipopita nikagonga. Mti wa pili akagonga, akawaeleza jinsi kima wanavyogawana matunda yake na ndege, wakubwa juu na wadogo chini, na mkubwa akauliza kama huko nako kuna mageuzi. Mzee alimjibu kwamba huko kima hapunguzwi, anaanguka mwenyewe. Walicheka sana. Mama aliyekuwa anaandika alifunga kalamu yake ili asikilize. Nilianza kupumua. Nikagonga kwa nguvu nyuma yao, na mzee akainua fimbo juu bila kugeuka, namna yake ya kusema amesikia.

Kabla ya kituo cha mvule njia inapinda kulia na kushuka kidogo. Hapo siku zote palikuwa na giza hata mchana. Nilipofika kwenye kona niliona mwanga kati ya mabega ya wageni. Mwanga mweupe, kama wa uwanjani. Sikuuelewa. Akili yangu, ambayo huwahi kufikiria mabaya hata yasiyokuwepo, siku hiyo ilichelewa.

Mzee alikuwa ameshafika. Alisimama mahali pake pa kila siku, akawageukia.

"Sasa tazameni kulia," alisema kwa ile sauti ya chini. "Pandisheni macho taratibu. Mkipandisha haraka shingo zitauma, maana huu hauishi. Babu yangu aliukuta ukiwa hivihivi."

Wageni walipandisha macho. Kulikuwa na mbingu, na wingu dogo.

Nilianza kuwapita kuja mbele, jambo ambalo mkia haruhusiwi kulifanya. Nilikuwa nimempita mama wa kalamu pale mzee alipozungusha fimbo kugonga. Fimbo ilipita hewani. Ilimvuta mwili wote, akapiga hatua moja pembeni kama mtu aliyekosa ngazi, akasimama.

Kisha mwekezaji akacheka.

"Mzee anatutania," alisema. "Ametuweza. Sote tumetazama juu."

Mkubwa naye akacheka, akampiga mwenzake begani. Nilimwona mzee akisikiliza kicheko kile. Hadi leo najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba alielewa amefunguliwa mlango. Angecheka nao tu. Angesema ndiyo, nimewaweza, twendeni, na mimi ningegonga kisiki, wageni wangeondoka wakimsifu mzee mcheshi, naye angebaki kisiwani.

"Kabula," aliita.

"Naam, mzee."

"Mti uko wapi?"

Vicheko vilikoma.

"Umekatwa, mzee."

"Wote?"

"Wote. Shina limeshapasuliwa, mbao hazipo. Yamebaki matawi na maranda."

Alipiga magoti, akaenda mbele kwa mikono hadi akakipata kisiki. Alikipapasa kuanzia ukingoni akielekea katikati, na mikono yake haikufika. Alinusa vidole.

"Bado unatoa maji," alisema. Halafu, si kwa yeyote, "Nilisikia. Nilikuwa napaka mawe, nikasikia kishindo. Nikasema ni radi."

Mkubwa alikuja akainama mbele yake, akapitisha kiganja usoni pake taratibu. Mzee hakupepesa.

"Ndugu, wewe huoni?"

"Sioni, bwana."

"Na ndiye uliyetuleta hadi huku?"

"Ndiyo."

Bwana Kaijage alikuwa amekuwa wa rangi ya yale mawe. Niliongoza mimi safari iliyobaki, na sikumbuki niliwaeleza nini. Majina ya kitaalamu nadhani, yote, kwa haraka. Mzee alikwenda nyuma akawa mkia. Nilipogonga mti unaofuata nilisimama kungoja, na baada ya wageni kupita nikasikia jibu lake, tulivu kabisa, mahali panapostahili.

Tulikunywa soda chini ya turubai. Mkubwa aliongea kwa ukali, na naelewa kwa nini. Aliuliza inakuwaje kipofu akabidhiwe wageni wa serikali. Angetumbukia nao ziwani je? Bwana Kaijage alisema hakujua, na lilikuwa kweli. Nilishika chupa yangu kwa mikono miwili. Niliiweka mezani, nikauliza.

"Na mti, bwana?"

"Mti gani?"

"Ule uliokatwa."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aliyeuliza swali msibani. "Miti si ipo, binti," alisema. "Nimeiona mingi sana leo."

Katika uamuzi uliokuja baadaye matembezi yalibaki kwetu, mwekezaji akaona kisiwa kiko mbali. Mimi nilibaki. Askari wa msitu walipunguzwa tena. Kuhusu mvule halikuandikwa neno. Kuhusu macho ya Mzee Magesa yaliandikwa mengi, na alipewa wiki moja aondoke kisiwani.

Siku ya kuondoka alitembea mwenyewe hadi gatini. Binti yake, aliyekuja kumchukua, alimshika mkono, mzee akautoa kwa upole. Nilidhani ataniachia fimbo, maana ndivyo mtu anavyotegemea, na nilikuwa nimeshafikiria niseme nini nikipokea. Hakuniachia. Alikuwa anaihitaji. Alipofika mwisho wa mbao za gati alisimama kabla sijamwambia, akatafuta ukingo wa boti kwa mguu, na hapo ndipo aliponyoosha mkono ashikwe.

Nilimtembelea Igoma mara nyingi nilipokuja mjini. Alikuwa amewekewa benchi ukutani, kando ya karakana. Mashine ya kukata vyuma ililia mchana kutwa, magari yalipita, redio ya jirani haikuzimwa. Walimtunza vizuri, alikuwa msafi kila nilipokuja. Lakini alikuwa ameanza kuinamisha kichwa kama mtu anayekwepa kitu, na fimbo ilikuwa imeegeshwa mbali naye. Mjukuu alimpeleka chooni kwa kumshika mkono, kama alivyosema. Nami nilikuwa najiuliza njia nzima ya kurudi kama nije tena au kama kuja kwangu kunamuumiza, na kila mara nilikuja.

Siku moja aliniuliza, "Kwenye mvule mnafanyaje sasa?"

"Tunapita tu, mzee. Hakuna cha kuonyesha."

"Msipite. Simameni."

"Tugonge kisiki?"

"Hapana." Alifikiri. Mashine ililia, akangoja inyamaze. "Ukigonga kitu kingine, mkia atajibu. Akijibu, wewe mbele utadhani kila kitu kipo. Hapo simameni tu. Mkia naye asijibu, ili ajue."

Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Tuliomba azikwe kisiwani, ikawa haiwezekani, kwa sababu hakuwa mfanyakazi tena. Amezikwa Kisesa, kwa ndugu wa mkwewe, mahali peupe pasipo na mti.

Nilikuwa kichwa kwa miaka mingi baada ya hapo, na msitu ulipungua kila mwaka niliokuwa nauongoza. Kisiki kilioza. Kwa muda nilidhani kitachipua, nikawa nakwenda kukiangalia peke yangu, lakini hakikuchipua. Waajiriwa walikuja, nikawafundisha pa kugonga, na pa kutogonga nikawaambia ni utaratibu.

Matembezi yangu ya mwisho niliomba niwe mkia. Neema aliongoza. Alipofika kwenye uwazi alisimama, fimbo ameishusha. Mgeni mmoja, mwanamume mwenye kofia mpya, alitazama juu, akatazama huku na huku, akauliza tunatazama nini hapa.

"Mti," Neema alisema.

Akangoja kidogo, kisha akasonga mbele. Wageni wakamfuata mmoja mmoja. Wa mwisho alipopita nilisimama pale fimbo ikiwa mkononi, na sikujibu.